Mwalimu Anayehema Mbele ya Wanafunzi

Shangazi mpendwa, nakuja kwako nikiwa na raha na mashaka kwa pamoja. Mimi ni mwalimu wa hesabu, nimejaliwa mwili, na tangu mwalimu wa michezo ahamishwe, mwalimu mkuu alinitwisha kipindi chake, nami hata kuruka kamba sijui, basi mwanzoni nilikaa kivulini na filimbi yangu huku nusu ya darasa wameegemea ukuta, huyu tumbo, yule kichwa, mpaka binti mmoja mnene kama mimi, bingwa wa kuumwa tumbo, akaniuliza, "Mwalimu, na wewe mbona huruki?" nikaona haya, nikavua viatu, nikaruka mara mbili nikajikwaa, wakacheka, nikacheka nao, na yule binti akainuka akasema, "Nyanyua magoti, mwalimu, usiiogope kamba," akanishika mkono tukaruka wote, na tangu hapo ukutani haegemei mtu, wananiita Mama Pumzi, na anayekosea haoni aibu maana mimi namzidi. Sasa mwalimu wa nidhamu kaniita pembeni: "Mwalimu akihema mbele ya watoto, heshima imekwisha. Simama, puliza filimbi." Shangazi, kipindi hiki nakipenda, lakini naogopa wasije wakanidharau hata kwenye hesabu. Nifanyeje?

Mama Pumzi

*

Mama Pumzi, pole kwa magoti, na hongera kwa mengine yote. Ila nikugombeze kidogo. Unalia na dharau, na barua nzima hukunitajia mtoto hata mmoja aliyekudharau. Unamkimbia nyoka ambaye hujamwona. Yule binti hakuinuliwa na filimbi. Aliinuka kwa kuwa alipata mtu wa kukosea naye. Hilo usilitupe kwa maneno ya pembeni.

Lakini usilewe sifa. Kicheko peke yake si somo. Wale wepesi wasiochoka wape kazi ya kuwafundisha wenzao, la sivyo watachoshwa nawe. Anayesema tumbo linamuuma, msikilize kwanza, huenda linauma kweli. Na wewe nenda ukapimwe presha wiki hii, furaha haitibu moyo.

Mwalimu wa nidhamu usibishane naye ofisini. Mwalike uwanjani, umkabidhi ncha moja ya kamba azungushe. Akiipokea, umepata msaidizi. Akikataa, mpe kiti akae atazame, nawe endelea kuruka.

Shangazi