Kidole Gumba Kando ya Mbawakawa

Mwaka umezunguka, Baba, tangu asubuhi ile ulipoanguka mezani pako pale makumbusho, taa ya hadubini ikiwa bado inawaka.

Kazi yako ilikuwa kuwatambua mbawakawa wa ardhini, wale weusi wanaotimua mbio mtu akifunua jiwe. Mtaa mzima ulikuita Bwana Dundu, nawe ukaitika. Watu walikutumia picha kwa simu, nawe ukawajibu wote: "Mgongo nimeuona, asante. Sasa nigeuzie tumbo." Hukutaja jina mpaka uone vinyweleo vya juu ya jicho. Picha ikikataa, ulisema hujui, ukaomba uletewe mdudu mwenyewe.

Ulikuwa mpole, jamani. Ukifunua jiwe ulilirudisha vilevile, ukisema hiyo ni nyumba ya watu. Ila friji yetu! Mama akifungua atoe barafu, anakutana na kopo la wadudu. "Mume wangu, leo useme: mimi au hawa?" Nawe unamjibu, "Wewe nimeshakutambua, mke wangu. Hawa bado."

Juzi tulitafuta picha yako ya kuweka hapa kwenye tangazo hili la kumbukumbu. Lo, Baba! Ya kitambulisho ilifutwa na spiriti ya kuhifadhia wadudu iliyovuja mfukoni mwako. Ya harusi, Mama anasema kijana yule mwenye nywele tele hakuna atakayemjua. Kila tulipokuinulia simu ulisema, "Acheni kumaliza chaji, mimi si nipo?" Tukakuamini. Mjukuu wako uliyemwacha ananyonya atauliza babu alikuwaje, na sisi uso hatuna. Inatuuma sana.

Simu zetu zimejaa picha za mbawakawa ulizotutumia, na kando ya kila mmoja, kuonyesha ukubwa wake, kipo kidole gumba chako, na ule ukucha uliopasuka ulipobanwa na droo. Ndicho tulichoweka hapo juu.

Ungekuwepo ungesema picha hiyo haitoshi kumtambua mtu. Mama alipoonyeshwa aliichukua simu, akaiweka shavuni, akasema, "Ni yeye huyu."

Unakumbukwa na mkeo, wanao watatu, wakwe zako, wajukuu, dada yako uliyezoea kumtania, na wenzako wa makumbusho, ambao kiti chako hawajakikalia.

Tutakukumbuka siku zote, Baba. Ila ule uso, jamani, tunautamani.