Kichwa cha Ngege na Mkono wa Omondi

Dada Rehema,

Salamu kutoka Kisumu, ambako jua halipokei hoja, kama wewe tu.

Ulishikilia kwamba binamu yetu Omondi hatawahi kulipwa kucheza futiboli ya Kimarekani, kwa kuwa timu ya chuo chake haimfundishi kurusha mpira. Kazi yake ni kumsoma beki mmoja wa wapinzani: beki akimvamia, humpa mwenzake mpira, beki akimfuata huyo mwenzake, hukimbia nao mwenyewe.

Leo, baada ya mechi, mchunguzi wa vipaji wa klabu ya ng'ambo alirudia maneno yako tukila samaki ufuoni.

"Miguu nimeiona, bwana. Mkono sijauona."

Nikaanza kumjibu kwa hotuba ya sehemu tatu. Omondi akainua kichwa cha ngege, yule samaki wa ziwani, nilichowekewa mimi mgeni, akaninyooshea. Macho ya mchunguzi yalipohamia kwangu, Omondi aligeuka na kukirusha juu ya meza za watu hadi mdomoni mwa korongo aliyesimama majini.

"Umeuona sasa, mzee?"

"Omondi," akasema mama mpishi, "unalisha ndege na mgeni ana njaa?"

Mchunguzi alicheka hadi akakohoa. "Uje Nairobi kwa majaribio. Samaki uwaache huku."

Mungu akutunze, dada yangu, na akupe subira. Hotuba yangu ilikatizwa katika sehemu ya kwanza. Mbili zilizobaki nakuletea wewe.

Nduguyo mwenye njaa,
Baraka