Miwani ya Mama Koinet

Koinet amekuwa mwenyekiti wa kamati ya sheria katika bunge la kaunti, huko Kajiado. Nimeandika hiyo kwanza kwa sababu haingekaa ndani yangu hadi nimalize salamu.

Sasa takwenya, Paashe wangu. Magoti yako yanaendeleaje huko Kimana? Na binti yako na vitunguu vyake? Sisi hapa Kitengela tuko wazima, ni vumbi tu. Simu yangu huichukui tangu uhame, kwa hivyo nimeandika, na dereva wa lori ameahidi kukupa mkononi.

Ungekuwa hapo bungeni Jumanne, akipewa kiti. Nilikaa juu kwa wageni na shanga zangu zote, hadi askari wa mlango akaniuliza kama ninaolewa. Nikamwambia yule mrefu anayeongea nimemnyonyesha mimi, na Kajiado nzima hakuna wakili anayejua kumuuliza shahidi kama yeye. Mama aliyekaa kando yangu akasema anamjua, ni yule wa kesi ya ng'ombe, na ni hiyo kesi ilifanya ampigie kura. Nikasukuma miwani yangu juu ya pua, nikanyamaza. Na wewe unajua mimi si mtu wa kunyamaza.

Tunaitana Paashe kwa sababu ya ndama niliyekupa mwaka ule ulipofiwa na mzee wako. Naibor alikua kwako, akakulishia nyumba. Alipoibwa na kupatikana kwa yule mfanyabiashara wa mifugo, sikio limekatwa alama mpya, uliwaambia polisi waniulize mimi. Yule askari mwanamke, Selpha, alinipeleka hadi pale Naibor alikuwa amefungwa. Nikamwambia macho yangu yamezeeka, ng'ombe mweupe kwangu ni ng'ombe mweupe.

Yule mfanyabiashara alikuwa mteja wa Koinet, na hiyo ndiyo ilikuwa kesi yake ya kwanza kubwa. Alisimama akauliza, ikiwa hata aliyemtoa huyu ng'ombe zizini kwake hamtambui, korti itamtambuaje. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, ukageuka ukanitazama. Yule mtu akaachiliwa, akaondoka na Naibor, na wewe ukahamia kwa binti yako.

Koinet, kwa vile ana roho nzuri, alinipeleka kwa daktari wa macho. Daktari akasema nitatia uzi kwenye sindano hadi nifike miaka tisini. Koinet alikuwa anangoja kwa gari. Nikatokea mlango wa nyuma, nikanunua miwani kwa mchuuzi, nikamwambia nimepewa na daktari. Mwaka wa nne huu ninaivaa. Shanga ninatunga akiwa hayuko.

Paashe, nilimtambua. Naibor ana doa jeusi chini ya kiwele, mahali panajulikana na mkono wa mwenye kumkamua tu, na mimi nilikusaidia kumkamua mara ngapi. Niliinama nikaliona. Na yeye alinitambua mimi, akanilamba mkono mbele ya Selpha.

Jumapili nilimwambia Koinet. Aliacha kula. Akaniuliza kama nilikuwa nimemwona vizuri, akaniuliza tena kwa njia nyingine, vile huwauliza mashahidi. Kisha akaomba miwani, akaivaa, akatazama ukuta kwa muda mrefu. Hakunikemea, na afadhali angenikemea. Akasema sheria haitamshtaki yule mtu mara ya pili kwa ng'ombe yule yule. Halafu akachukua ratiba ya sherehe yetu ya shukrani kwa hicho cheo chake, akafuta jina lake pale kwa msemaji wa kwanza, akaandika langu.

Kuna mtamba mweupe hapa nimekufungia. Najua si Naibor. Sikuombi unisamehe kwa karatasi. Haya nimekuandikia nitayasema mbele ya watu wote waliocheka siku ile, na ningependa uwe umekaa mbele.

Salimia binti yako na watoto, na uyapake magoti mafuta.

Ni mimi uliyeniita Paashe,
Elizabeth, Mama Koinet

Sherehe ni Jumamosi, tarehe kumi na nne, saa nne asubuhi, hapa kwangu. Sitavaa miwani, na nitakuona ukiwa bado kwa geti.