Ugonjwa wa Mama Umepata Jina

Uyole, Mbeya
8 Juni 1977

Mdogo wangu Mika,

Salamu zikufikie huko Kihesa. Sisi hatujambo, viazi vimekubali, na shemeji yako Yotamu ameliezeka jiko kwa bati.

Mwezi uliopita nilianguka shambani, ila usishtuke. Hospitali walinipiga picha wakaona moyo umepanuka. Nikamuuliza daktari moyo unanenepaje.

"Kila pigo, kalsiamu huingia kwenye msuli na kuuamuru ujikaze," akasema. "Presha yako iko juu, msuli unafanya kazi nzito mno, nao unanenepa. Wataalamu bado wanachunguza kama kalsiamu hiyohiyo ndiyo inayouamuru ukue."

Nikasema basi naacha maziwa, maana kliniki walitufundisha yana kalsiamu. Akacheka. "Kunywa tu, mama, hayadhuru."

Kisha akauliza habari za wazazi. Nikamweleza jinsi mama alivyovimba miguu, akakosa pumzi akilala, akafa ghafla. Akasema huenda ulikuwa ugonjwa huu huu.

Mika, miaka tisa tumesema shangazi Tusekile alimroga mama. Tulimwonea. Jumapili nilikwenda kwake. Nikapiga magoti kumwomba radhi. Akaniinua akasema, "Umechelewa, mwanangu, lakini chakula bado cha moto." Nikala hadi nikashiba.

Dawa nameza, na ndoo siku hizi anabeba Yotamu. Nawe kapime presha. Halafu mwandikie shangazi. Hajui kusoma, nitamsomea mimi.

Dada yako akupendaye,
Yudith