Povu la Mnanaa kwenye Kidevu cha Baba Yako

Baba Njeri,

Leo asubuhi nimemnyoa baba yako. Nakuandikia sasa hivi, kwa sababu nikingoja nitulie nitaanza kukupambia habari, na wewe hukupenda habari za kupambwa.

Najua unachouliza. Hapana, sikumkata. Lakini kuna wakati yeye mwenyewe aliamini nimemkata, mdogo wako Mburu akaruka kutoka kwenye benchi, na mimi nikaona kinyozi chetu, duka letu la kunyolea, kikiniponyoka hivi hivi. Ngoja nianze mwanzo.

Tangu tukuzike Gatuanyaga, huyo Mburu amekuwa akija hapa Mwihoko mara kwa mara. Nisimsingizie, hana roho mbaya. Kibarua chake cha mananasi kule Thika kiliisha, na ana watoto wanaokula kama wetu. Anakaa kwenye benchi ya wateja, anatazama vioo, anatazama viti, kisha anasema polepole, "Shem, hii kinyozi ni ya family. Mzee aliuza ng'ombe ndio ifunguliwe. Na wewe unajua wanaume wa hapa. Nani ataweka shingo yake kwa mwanamke akiwa na wembe?" Mimi namjibu kwa kufagia chini ya miguu yake. Unajua nikikasirika huwa nafagia.

Mwishowe mzee alituma neno kwamba atakuja Jumamosi anyolewe na mimi, na akitoka kwenye kiti atasema nani abaki na kinyozi. Hakuna aliyeniuliza kama nimekubali. Lakini hapa ndipo kodi ya nyumba inatoka, na sare ya Njeri, na ndipo mahali pekee ambapo bado nakusikia ukiwaambia wa kwenye benchi, mwenzako akinyolewa tia maji, nao wanacheka kila siku kama hawajawahi kuisikia. Ningekataaje?

Unakumbuka ulivyonifundisha? Ulipuliza puto, ukalipaka povu, ukaniambia nilinyoe. La kwanza lilipasuka na povu likaturukia usoni sote wawili. Ukajifuta, ukasema kwa sauti ya mchungaji, "Huyo mteja umemzika." Njeri alikuwa mdogo, alililia kila puto. Nilipoweza kunyoa puto zima bila kulipasua, Jumapili iliyofuata ulikaa mwenyewe kwenye kiti kabla ya kanisa, ukafumba macho. Nilikuuliza kama huogopi. Ulisema, "Naogopa sana. Endelea." Nilikupenda kuliko siku ya harusi yetu, na sijui kwa nini sikukwambia.

Sasa nikueleze jambo la sabuni. Kikombe chako cha bati bado kiko kwenye rafu, na ndani yake kile kipande cha sabuni bado kina alama ya brashi yako, ule mzunguko ulioacha siku ya mwisho ya kazi. Nikitia maji na kuzungusha brashi, alama hiyo itafutika. Nimejaribu kukitia maji, nimeshindwa. Kwa hiyo nilienda Ruiru, kwenye yale maduka ya vipodozi, nikatafuta krimu ya kunyolea. Muuzaji alinipa kikopo akasema, "Hii iko na mnanaa na msandali, mathe. Wazee wataipenda."

Niliijaribu kwanza kwenye mguu wangu. Kidogo tu kwenye brashi yenye maji ya moto, nikazungusha, na povu likapanda zito kama maziwa lala. Wembe uliteleza, ngozi haikuvutwa, na baadaye haikutoa vile vipele vinavyotusumbua. Mwanzoni inanuka mnanaa, halafu ikishapata joto la mwili inatoa harufu ya ubao uliopigwa randa. Ungenicheka, ungesema nimegeuza kinyozi saluni. Lakini wateja waliojaribu walirudi, na mmoja alikuja na shemeji yake. Kosa langu ni kwamba sikufikiria mguu wangu hauna ngozi ya mzee ambaye hajanyolewa tangu msiba.

Jumamosi ikafika. Guka, kama Njeri anavyomwita babu yake na mimi nyuma yake, aliingia na koti lake la mazishi. Ndevu zilikuwa zimemea ovyo, nyeupe mpaka shingoni. Hakutaka mtu mwingine azishike tangu mkono wako uondoke. Mburu alimfuata, akakaa kwenye benchi, akakunja mikono. Mzee akaninyooshea mkono kunisalimu, kama afanyavyo kila mara. Na mimi, kama nifanyavyo kila mara, nikainama na kuficha mikono yangu nyuma.

Hapa nina ugomvi na wewe, Baba Njeri, na kufa hakukuondoi kwenye huu ugomvi. Siku ya kwanza uliponipeleka kwenu nilikwambia kwamba kwetu Bungoma mkaza mwana hamshiki mkono baba mkwe, wala hakai naye meza moja. Nililelewa hivyo. Nilikuomba umweleze. Ulisema utamweleza. Wewe ulikuwa mtu wa kesho, na kesho hiyo haikufika. Miaka yote mkono wa mzee umekuwa ukirudi mtupu, na kwenu nikaitwa yule mwenye maringo.

Alikaa. Nikamfunga kitambaa shingoni, nikamwekea taulo ya moto. Vidole vyangu vilikuwa havijawahi kumgusa mtu huyu, na sasa vilitakiwa vimshike kidevu. Nilimwomba mama yangu msamaha kimoyomoyo. Kisha nikapaka krimu, nikaeneza kwa brashi, mashavu, mdomo wa juu, mpaka chini ya taya. Nikaweka wembe mpya kwenye mpini, nikaanza shavu la kulia. Nilikuwa sijafika hata sikioni mwili wake ulipokakamaa.

"Umenikata," alisema.

Mburu alikuwa ameshasimama. "Si nilisema, baba? Si nilisema?"

Niliinua wembe juu, mbali na uso. Nilitazama shavu, sikuona chochote, lakini nilikuwa na woga kiasi kwamba sikuyaamini macho yangu. Mzee alitoa mkono chini ya kitambaa, akajipangusa, akauleta mbele ya macho akitafuta damu. Kulikuwa na povu tu. Akajipangusa tena upande wa pili, ambao wembe haukuwa umefika. Povu tu.

"Mbona inauma kama maji ya mto Chania asubuhi?"

"Ni mnanaa, Guka. Ni krimu mpya. Ilipaswa nikwambie kabla."

"Shem, si ungetumia tu ile sabuni ya bro?" Mburu alisema.

Nilimwonyesha kikombe kwenye rafu. Nikasema ukweli, kwamba alama ya brashi yako bado imo na siwezi kuifuta. Mburu alikitazama kikombe, akakaa. Mzee hakugeuza kichwa, ila niliona kwenye kioo kwamba alikuwa anakitazama pia. "Endelea," akasema.

Nilimaliza mashavu. Nikabaki na shingo, na shingo ya mzee unaijua, imejaa mikunjo, lazima uivute kwa kidole na wembe ulale. Nikamwinua kidevu. Hapo ndipo alipochagua kuongea, wembe ukiwa kooni.

"Mama Njeri. Kumbe unaweza kunishika. Sasa kwa nini hunipatiangi mkono?"

Nilisimamisha wembe bila kuuondoa. "Kwetu baba mkwe hashikwi mkono, Guka. Ni heshima. Leo nimekushika kwa sababu ya kazi. Ukitoka kwenye hiki kiti sitakushika tena."

Nilisikia mate yakishuka kooni mwake chini ya kidole changu. "Miaka hii yote nilidhani unanidharau."

"Nilikuwa nakuheshimu."

"Na kijana yangu alijua?"

"Alijua. Alisema atakwambia."

"Ai, huyo." Akaanza kucheka, koo lote likatikisika, nami nikauondoa wembe kwa kasi ambayo ungeisifu. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kilio. Basi nikachukua taulo ya moto nikamfunika uso wote, nikasimama pale, na sikuitoa mpaka aliponiashiria kwa kidole. Mburu alikuwa anaangalia barabarani.

Alipoinuka alijipapasa mashavu kwa mgongo wa mkono, akanusa kiganja. "Nanuka kama bwana harusi," akasema, na hakuonekana kuchukia. Akavaa kofia.

"Sasa tunaamuaje, baba?" Mburu akauliza.

Mzee alikuwa ameshafika mlangoni. "Twende. Mwenye kinyozi ana kazi."

Basi hivyo. Hakusema kingine, na Mburu alimfuata. Kiti cha pili hakina mtu, na mashine ya nywele mimi siipendi. Nitamwambia Mburu aje afanye kazi hapo. Lakini si leo. Leo bado nina hasira naye kidogo.

Ningependa kukwambia kwamba nilifurahi. Nilifurahi, ndiyo, nikakaa kwenye benchi nikiwa na brashi mkononi kama mtu aliyekimbizwa. Halafu akaingia kijana mmoja mgeni, amehamia plot ya nyuma, akachungulia akauliza, "Niaje, mathe. Mwenye kinyozi yuko?"

Nikwambie kitu ambacho hata Njeri hajui. Tangu ufe, mteja mgeni akiuliza hivyo huwa namjibu, "Ametoka kidogo." Wengine hungoja. Nawanyoa mimi, wanalipa, wanaondoka wakidhani uko mahali karibu, na mimi pia kwa muda ule nadhani uko mahali karibu. Leo nilifungua mdomo kusema hayo hayo, na maneno ya baba yako yakanizuia.

Nilisema, "Ni mimi. Kaa."

Akakaa. Nikamfunga kitambaa, nikamgeuzia mgongo nikijifanya natafuta wembe, nikakulilia, Baba Njeri, kwa mara ya kwanza kama mtu anayejua kwamba huji.

Lala salama, mume wangu. Sitawaambia tena kwamba umetoka kidogo.

Mkeo,
Mama Njeri