Odell Amepima Kiwiko Changu

Marlys, niko ndani ya gari, milango nimeifunga. Nisikilize.

Unajua Odell anajenga meza mpya ya kusubia risasi za bunduki kule gereji, pale anapoyeyusha madini na kuyamimina kwenye kalibu. Leo baada ya kahawa kaniita, "Mke wangu, simama hapa, kunja mkono." Akapima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko changu. Kiwiko CHANGU.

Nikamcheka. "We mzee, meza ni yako au yangu?"

Akasema, "Yako."

Hakucheka, Marlys. Akasema meza iwe chini kidogo ya kiwiko, nisiinamie chungu cha madini ya moto. Iwe pana, chungu kikae mbali na ukingo. Anaongea taratibu, kama ananifundisha kupika.

Nikamuuliza kwa nini asisubu mwenyewe. Akanyoosha mikono. Inatetemeka! Kumbe daktari alishamwambia tangu majira ya baridi kwamba damu yake imejaa sumu ya yale madini ya risasi, aache kabisa. Hakuniambia! Na nguo zake zenye vumbi hilo nafua mimi!

Nikasema, "Basi tuache. Za kuwindia kulungu tutanunua dukani."

"Si za kulungu. Watakapokuja, mmoja wetu lazima aweze."

"Akina nani?"

Akarudia tu, "Watakapokuja." Halafu akaandika kipimo cha kiwiko changu kwenye ubao kwa penseli, akawasha msumeno.

YAKO, amesema. Yako.

Msumeno bado unanguruma. Nawasha gari sasa hivi, nakuja kwako Boise na hizi nguo nilizovaa. Akikupigia, hujaniona.