Mjomba Hasemeshwi

Jumatatu, 4 Novemba

Matuta ya mchanga alfajiri, skramu za raga mchana, matuta tena jioni. Mjomba Sakaraia, kocha wetu, anasema mechi na timu ya mji wa Lautoka watacheza watakaobaki hai. Alicheka peke yake.

Usingizi hakuna. Mwili umekufa lakini moyo unakwenda mbio kitandani, mapaja yanarukaruka yenyewe. Nimekonda, suruali nafunga kwa kamba.

Leo nimemvunja pua Veresa, mwenzangu wa timu. Sababu — taulo. Kajifutia taulo langu. Sikumwambia kitu, nilimtwanga kichwa cha uso. Damu mpaka kwenye meno. Nilisikia raha, na hilo ndilo linalonitisha. Mjomba akapiga makofi, akasema hasira za namna hiyo ndizo anazozitafuta. Kisha akatukimbiza sote tuta kubwa, Veresa na pua yake imepinda.

Chakula hakipiti. Mama kaniwekea magimbi na samaki wa tui, nikasukuma sahani ikavunjika ukutani. Nikaokota vigae mwenyewe. Aibu.

Jumatano, 6 Novemba

Kubebana mgongoni, jua la utosi. Mimi nambeba Netani, Netani ananibeba. Ni binamu yangu, mtoto wa huyo huyo mjomba, kwa hiyo ni mtani wangu. Tunatukanana tangu tulipojua kusema na hakuna wa kununa. Leo nilipokuwa juu yake nilimpiga mateke ya mbavu kama farasi. "Twende, punda wa watu!" Akanijibu huku anahema kwamba mzigo wote huu ni matako, kichwani hamna kitu.

Mfaransa, wakala wa klabu ya kwao, anakuja Jumamosi ya wiki ijayo kumtazama yeye. Yeye tu. Akimpenda, Netani anapanda ndege kwenda kucheza huko. Mjomba hana habari nyingine mdomoni.

Nilimwomba Netani amwambie baba yake tupumzike walau siku moja. Mimi siwezi. Kwa mila yetu mjomba hasemeshwi, unainamisha macho unapita. Mama naye ni dada yake, ndiyo kabisa — tangu usichana hajamtamkia kaka yake neno. Kila kitu cha nyumba yetu kwenda kwa mjomba hupita kwa Netani.

Karudi na jibu: "Baba anasema utapumzika kaburini, na kivuli atakuchagulia yeye." Nilicheka. Baadaye nikawaza, huyu alimwambia kweli? Au kaogopa, katunga jibu njiani?

Ijumaa, 8 Novemba

Miguu. Miguu. Miguu.

Jumapili, 10 Novemba

Tumetoka kanisani, lori la timu liko nje. Jumapili! Hapa Jumapili hata mtoto harushi mpira. Tukavua sulu zetu nzuri, vikoi vya kanisani, humo humo ndani ya lori, bibi zetu wamegeuza nyuso. Mchungaji alisimama na Biblia yake anatutazama tu. Mjomba akamwambia Mungu ataombwa msamaha baada ya kombe.

Sijui leo tumefanya nini kule. Nakumbuka vipande. Tuliposukumana skramu mtu alining'ata bega, nami nikang'ata sikio, sijui la nani. Nilisikia chumvi. Watu wanalia huku wanapigana. Netani alitapika maji ya kijani akaendelea kukimbia. Veresa alimkanyaga mkono makusudi, Netani akamrukia shingoni, tukawaachanisha kwa mateke maana hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuvuta.

Jioni kava, kinywaji chetu cha mizizi, nyumbani kwa mjomba, bakuli kwa bakuli, mpaka ulimi ukafa ganzi. Maji hakuna aliyeomba. Ukiomba maji mbele yake utaitwa bibi harusi hadi Krismasi. Kwa hiyo tulikunywa kava tukarudi kwetu na kiu ile ile.

Jumanne, 12 Novemba

Kidole kimechanika. Nitaandika hivyo hivyo.

Asubuhi Netani aliniita nyuma ya jiko nione mkojo wake. Mweusi kama soda ya kola. Nikamwambia ukoo wenu wote ndivyo mlivyo, mna matope ndani. Akacheka. Lakini alikuwa ameshika ukuta. Akasema, "Apakuki, mapaja siyasikii." Nikamjibu afadhali, hayatamuuma. Akacheka tena.

Huyo ni mtu ambaye mwezi uliopita alijilaza katikati ya barabara akasema kafa, mpaka nikalia kweli. Ningejuaje? Lakini ningeweza kumtazama usoni. Sikumtazama.

Mchana, kubebana. Nikapanda. Nikampiga mateke yale yale. Katikati ya tuta akaanza kuyumba, nikamwita punda, nikamwita kila jina. Akaanguka kifudifudi, mimi juu yake. Nilipomgeuza mchanga ulikuwa umejaa mdomoni, na hautemi.

Mjomba akashuka. "Inuka." Akamrushia mchanga wa uso kwa kiatu. "Mfaransa anakuja, unalala?" Akampiga teke la paja. Netani hakushtuka hata kidogo. Akampiga la pili.

Nikasema, "Mjomba, mwache." Nimesema. Kwa mdomo wangu, macho kwa macho. Akaniuliza nimesemaje.

Sikurudia. Nilimpiga ngumi ya mdomo. Akaanguka, akainuka, nikampiga nyingine, nikamkalia kifuani kama nilivyomkalia mwanawe, nikaendelea. Jino lake lilinichana kidole. Ni Veresa aliyenivuta shingo kwa nyuma, la sivyo ningemaliza. Naandika wazi kwa sababu hakuna atakayesoma: nilitaka kummaliza.

Netani tulimpakia kwenye lori kama gunia.

Alhamisi, 14 Novemba

Netani yuko hospitali ya Lautoka, kwenye mashine. Daktari, mama mmoja Mhindi mpole, ametueleza kwamba misuli imevunjika ndani, uchafu wake umeziba figo. Mapaja yake yamevimba mpaka wameyapasua kwa kisu pande zote mbili, kuanzia nyonga hadi goti. Nimeona. Nyama ina rangi ya ini lililochemshwa. Daktari akauliza alikuwa akipumzika lini.

Netani alifumbua macho mara moja, akaniona. Hakunitukana. Ningetoa chochote anitukane.

Mjomba haendi hospitali. Jana na leo asubuhi alikuwa kwenye matuta na timu.

Kijijini hawazungumzi habari za Netani, wanazungumza habari zangu: kijana kampiga mjomba wake. Wazee wameamua nipeleke jino la nyangumi kuomba radhi, leo leo. Nikaenda. Nikapiga magoti mbele yake, jino mikononi, wazee nyuma yangu. Mdomo wake umeshonwa nyuzi. Asipolipokea jino, mimi na mama yangu hatuna watu tena. Hakuna wa kutuzika.

Hakulipokea. Hakulikataa. Alilitazama tu, jasho likanitoka hadi kwenye goti. Kisha akasema, si kwangu, kwa mzee aliye karibu naye, kwamba atalipokea Jumamosi jioni, nikishacheza nafasi ya Netani. Mfaransa kakata tiketi, lazima aone mtu.

Wazee wakaitikia kwa kupiga makofi ya heshima, kana kwamba neno jema limesemwa.

Na mimi? Kuna kitu ndani yangu kilisimama. Mfaransa ataniona mimi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Muda mfupi tu, lakini nilifurahi.

Ijumaa, 15 Novemba

Lori liko nje. Linapiga honi.

Nimekaa kitandani, kiatu kimoja mguuni. Cha pili hakiingii, mguu umevimba. Nimekivuta mpaka ukucha umetoka. Nitakata kisigino kwa kisu nivae hivyo hivyo.

Daktari alipiga simu kwa jirani. Netani hajaamka tangu jana. Wanataka baba yake aje atie sahihi, wamkate mguu wa kushoto. Mjomba kapewa habari, akasema baada ya mazoezi.

Honi tena.

Mama kasimama mlangoni, kanipa mgongo. Nilidhani anatazama lori. Hapana. Kashika miimo kwa mikono miwili.

Anasema naye. Mama anasema na kaka yake! Sauti haijui pa kuanzia, hata jina lake analitamka vibaya. Anamwambia mmoja umeshamla. Huyu ukimtaka, njoo umtoe mwenyewe, upite juu yangu.

Honi imenyamaza. Hata kwa jirani wamezima redio.

Mlango wa lori umefunguliwa. Mjomba anakuja, nasikia changarawe. Mama hajasogea. Mimi nimeshika kiatu mkononi na sijui nikivae au nimpige nacho —